Ini, Chakula na Pombe: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Mombasa

Ukitaja ugonjwa wa ini Mombasa, swali la kwanza huwa ni hili: "Kwani alikuwa akinywa?" Kama alikunywa, watu huona jambo limeshaeleweka. Kama hakuwahi kuonja tone, wengine hunong'ona kwamba labda alikunywa kwa siri. Swali hilo linawaumiza watu wa pande zote mbili. Mnywaji hujipa moyo kwamba maadamu anakula supu na nyama choma, pombe haitamgusa. Asiyekunywa naye huona ini si jambo la kumhangaisha, huku soda, kaimati na viazi karai vikimjaza mafuta kwenye ini. Nashikilia jambo moja katika mwongozo huu: ini lina daftari moja tu la madeni. Pombe, sukari, unga mweupe na mafuta huandikwa humo humo, na deni la hiki huongezwa juu ya la kile.

Kabla ya hatua: kinachotokea ndani

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo liko upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo ikiwa imebeba ulichokula na ulichokunywa hupitia kwenye ini kwanza, kisha ndipo isambae mwilini. Ini huhifadhi sukari ya akiba, hutengeneza nyongo na protini za kugandisha damu, na huondoa sumu. Nyama yake ya ndani haina mishipa ya kuhisi maumivu, na ndiyo sababu mtu anaweza kuumwa ini miaka mingi akiwa kazini, anacheka, anapanda feri ya Likoni kila asubuhi, wala asijue.

Pombe ikifika, ini huigeuza kwanza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha asetati. Kazi hii ina mwendo wake: karibu gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa. Kahawa, maji ya baridi, ndimu au supu ya makongoro haviongezi kasi hata kidogo. Wakati ini linashughulika na pombe, mafuta hayachomwi inavyopaswa, na mengine mapya hutengenezwa na kubaki humo humo.

Sukari nayo ina njia yake. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi hushughulikiwa na ini. Ikizidi, hugeuzwa kuwa mafuta. Mnywaji na mpenda soda hukutana hapo: ini lenye mafuta. Mafuta yakikaa muda mrefu, ini huvimba na seli zake huumia. Seli zikiendelea kuumia huacha makovu, na makovu yakienea ini zima huitwa sirosisi. Baada ya hapo saratani ya ini huwa karibu zaidi.

Habari njema ni kwamba hatua ya mafuta hurudi nyuma. Anayeacha pombe kabisa ini linaweza kusafika mafuta ndani ya wiki chache. Kwa mwenye mafuta yatokanayo na uzito, kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na kupunguza asilimia 7 hadi 10 hutuliza pia uvimbe. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 hadi 10 ni takriban kilo 6 hadi 9. Si lazima arudi umbo la siku ya harusi yake.

Hatua ya kwanza: andika wiki moja bila kujificha

Chukua daftari au simu. Andika kila kinywaji na kila chakula kwa siku saba, wikendi ikiwemo. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Andika vijiko vya sukari kwenye chai, mahamri mangapi, soda ngapi, chupa ngapi, na saa ngapi. Watu wengi husahau vile vya njiani: juisi ya miwa pale Mwembe Tayari, bhajia za jioni, mabuyu ya mtoto uliyoyamaliza wewe.

Pima pia kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu. Mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke akizidi sentimita 80, ana sababu ya kulifikiria ini lake hata kama pombe hajaigusa maishani.

Hatua ya pili: geuza pombe iwe gramu

"Nakunywa kidogo tu" si kipimo. Kipimo ni gramu za kileo, na hesabu yake ni nyepesi: mililita za kinywaji zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8.

Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Toti moja ya ml 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ni karibu gramu 10. Kwota ya ml 250 ya pombe hiyo ni gramu 80. Mzinga wa ml 750 ni gramu 240, na watatu wakiugawana sawa kila mmoja amebeba gramu 80, sawa na bia nne kubwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa kikao kimoja kuwa unywaji mzito. Kwa hiyo yule anayesema hanywi siku za kazi ila Ijumaa humaliza kwota peke yake, amepita mpaka huo kwa mbali.

Mnazi hauna lebo, kwa hiyo lazima uulize. Mgema akishusha tembo asubuhi ni tamu na kileo chake ni kidogo, lakini hamira ya asili huwa imeanza kazi tangu likiwa juu mtini. Kufikia jioni limekuwa kali, na la jana linaweza kuwa na nguvu ya bia au zaidi. Ukikaa mangweni, swali la kumwuliza muuzaji ni: "Mama, hili limegemwa lini?" Ukijibiwa jana, lihesabu kama bia, kwa ujazo wa chombo unachonywea.

Pombe iliyokenekwa kwa siri, chang'aa na jamaa zake, sina kiwango cha kukupa, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo. Ikichanganywa na methanoli hupofusha na kuua, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya pili. Mtu akiamka anaona ukungu baada ya kunywa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo, lakini haingoji.

Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Mwanamke huumia ini kwa kiasi kidogo kuliko mwanamume, kwa kuwa mwili wake una maji machache ya kuichanganya pombe. Mjamzito asinywe kabisa. Mwenye virusi vya homa ya ini, mwenye kisukari au aliyekwisha kuambiwa ini lake lina mafuta, kwake bora ni sifuri.

Hatua ya tatu: punguza, lakini kwa usalama

Nakuomba usome hapa polepole, kwa sababu kosa la hapa huua. Kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka au jasho hukutoka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa kishindo unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na kupoteza maisha. Familia nyingi hudhani amerogwa au ana majini, wakamfungia chumbani. Ni hali ya hospitali. Huko atapewa dawa za kutuliza na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa nayo.

Kwa asiye na dalili hizo, njia ni ya kawaida. Chagua siku nne au tano za wiki zisizo na pombe kabisa, kisha ongeza. Usinywe tumbo tupu. Usiweke chupa nyumbani. Badili njia ya kurudia, kama njia yenyewe inapita mlangoni pa baa. Simu ya 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure, nayo huwashauri mnywaji na jamaa zake.

Kumwambia mkubwa wako ni kazi nyingine. "Mjomba, unajiua" hufunga mlango. "Mjomba, kesho naenda kupima ini, shikamana nami tupime sote" huufungua mara nyingi zaidi.

Hatua ya nne: sahani na kikombe

Nitakaa hapa zaidi, maana ndiko wengi wetu tunakoumizwa ini bila kujua.

Anza na vinywaji. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikishuka hadi 25 ni bora. Soda ya kola ya ml 300 ina zaidi ya gramu 30. Chai vikombe vitatu vya vijiko vitatu kila kimoja ni karibu gramu 36. Juisi ya miwa ni sukari ile ile hata ikiwa imekamuliwa mbele yako kwa ndimu na tangawizi, na sharubati ya dukani haina tofauti. Dafu lina sukari kidogo kuliko hivi vyote, na moja kwa siku halina neno kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa figo. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki. Ulimi hujizoeza, na mwezi ukiisha chai ya zamani utaiona kama shira.

Kahawa chungu ndiyo zawadi yetu. Tafiti nyingi katika nchi mbalimbali zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata sirosisi na saratani ya ini kwa uchache kuliko wasioinywa. Finjani mbili tatu za kahawa ya dele pale barazani, bila sukari, ni jambo jema. Tatizo ni kashata na halua zinazokaa pembeni yake. Na kahawa haimfutii mnywaji deni la jana yake.

Kisha chakula cha asubuhi. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kizuri kilichokosewa mizani: mahamri manne kwa kijiko cha mbaazi. Geuza. Bakuli la mbaazi, hamri moja. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, na hushibisha mpaka adhuhuri.

Nazi siwezi kumwambia Mswahili aiache, wala hakuna haja. Lakini tui zito lina mafuta mengi magumu, na mafuta ya aina hiyo yakizidi hulijaza ini kuliko mafuta ya samaki, karanga au alizeti. Siku za kawaida tumia tui la pili kwenye mboga na wali, na tui la kwanza liwe la samaki wa kupaka wa siku maalumu. Wali uwe robo ya sahani, samaki au maharagwe robo, na nusu nzima mchicha, matembele, kisamvu, mchunga au kachumbari. Vibua na dagaa ni rahisi sokoni Kongowea na vina mafuta yanayolifaa ini. Wachemshe au wapake, usiwatose kwenye karai. Mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu ni bora mara nyingi kuliko ya kukaanga, na utamu wake haupungui.

Sasa futari. Kufunga kwenyewe kunaweza kumsaidia mwenye ini la mafuta apunguze uzito, kama usiku haulipizi. Itazame meza yenyewe: kaimati zimelowa shira mpaka zinang'aa, tambi za sukari na zabibu, viazi karai, sambusa, jagi la juisi ya maembe, na biriani bado iko njiani. Fungua kwa tende tatu na maji, nenda ukaswali, kisha rudi kwa uji usio na sukari nyingi au supu, halafu chakula kimoja cha kweli. Kaimati ziwe tatu kwenye kisahani, si bakuli lililowekwa katikati. Mama wa nyumba akiacha kuziweka mezani kila siku na kuzifanya za Ijumaa, nyumba nzima imesaidika bila kumnyima mtu.

Kutembea ni sehemu ya sahani hii. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea. Tuna Mama Ngina jioni, na mchanga wa Nyali na Bamburi maji yakitoka.

Hatua ya tano: unga na karanga

Joto na unyevu wa pwani hupendwa na kuvu. Kuvu ya mahindi na njugu hutoa sumu ya aflatoksini, na sumu hii huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo huko Ukambani yaliwapata watu 317, na 125 wakafa. Kupika ugali hakuiondoi. Nunua unga kidogo kidogo, uweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, kilichoinuliwa kutoka sakafuni. Njugu iliyokunjamana, yenye doa jeusi au uchungu, tema. Mahindi yenye ukungu usimpe hata kuku, maana sumu hurudi kwako kwa njia nyingine.

Hatua ya sita: dawa, mizizi na virusi

Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya mg 500 kwa siku, na mnywaji wa kila siku asipite vinne bila kumwuliza daktari. Usiimeze ili kutuliza kichwa cha pombe ya usiku. Anayetumia dawa za kifua kikuu aache pombe kabisa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hulielemea ini zenyewe.

"Dawa ya kusafisha ini" inayouzwa kwenye chupa za maji au mitandaoni, iache. Ini halisafishwi kwa mizizi, na baadhi ya mizizi ndiyo huliangusha. Muguka na miraa pia: madaktari wameandika visa vya watafunaji walioumwa ini, mbali na soda zinazoshindilia na pombe ya kutafutia usingizi baadaye.

Pima homa ya ini B. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wa waliozaliwa kabla hawana. Ukipima ukakuta huna virusi wala kinga, omba sindano tatu kwa miezi sita. Homa ya ini C siku hizi hutibika na kwisha kwa vidonge vya miezi miwili mitatu.

Hatua ya saba: vipimo vya kuomba

Kipimo cha damu cha utendaji wa ini hutoa ALT, AST na GGT (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia), bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) na albumini (protini inayotengenezwa na ini). Omba pia hesabu kamili ya damu, sukari, na kipimo cha virusi B na C. AST ikiwa mara mbili ya ALT au zaidi, daktari hushuku pombe. ALT kuwa ya kawaida hakumaanishi kwamba ini ni zima. Kwa umri wako, AST, ALT na chembe za kugandisha damu, daktari anaweza kupiga hesabu iitwayo FIB-4: ikiwa chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Picha ya altrasaundi huonyesha mafuta yakishakuwa mengi, si yakiwa kidogo. Nenda na lile daftari la wiki moja, umwonyeshe daktari kama lilivyo, na urudie vipimo baada ya miezi mitatu hadi sita.

Macho kuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, tumbo kujaa maji au miguu kuvimba ni safari ya hospitali siku hiyo. Kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, au mtu kuchanganyikiwa na kulala mchana akakesha usiku, ni dharura ya saa hiyo. Coast General pale Makadara hupokea wagonjwa usiku na mchana.

Ukishaambiwa una sirosisi

Pombe sifuri. Chumvi isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo papa ng'onda na samaki wa chumvi hawana nafasi, hasa tumbo likiwa na maji. Usikatazwe mayai, samaki wala maharagwe na majirani: mgonjwa wa sirosisi anahitaji protini nyingi kuliko mtu mzima wa afya, la sivyo misuli huyeyuka. Asilale njaa, kwa kuwa ini lake haliwezi tena kuweka akiba ya usiku. Kikombe cha uji wa wimbi na yai, au hamri na maharagwe kabla ya kulala, ni dawa. Kwa sababu hiyo hiyo, asianze Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari wake, na akishauriwa asifunge, afuate. Chaza na kome wabichi asiwaguse, maana vijidudu vya maji ya bahari vinaweza kumwua. Na kila miezi sita apigwe altrasaundi ya kutafuta saratani mapema, ingali ndogo na inatibika.